Pikapu ninayo, lakini watu wanataka mimi ndio niwalipe

Mama Kanta, habari yako. Mimi ni kijana wa miaka 27, niko Kayole na mke na mtoto mmoja. Nilikuwa dereva wa hadweya moja huku Eastlands miaka minne, mwezi wa pili mwenye duka akauza lori tukaambiwa twende nyumbani. Shemeji yangu ana pikapu ya zamani ya tani moja, mwili umechoka lakini injini bado iko poa, akaniambia chukua ufanye nayo kazi, kila siku uniletee hesabu ya 1,500, Jumapili nakuachia.

Sasa nikafikiria hii ya kuhamisha watu iko na watu wengi sana, kila steji unapata pikapu kumi zimepaki madereva wanacheza drafti, kwa hivyo nikaamua kuingia hii ya kuondoa vitu watu hawataki, yaani makochi mazee, magodoro, mbao, vifusi vya fundi, friji imekufa, kila kitu. Niliona video za watu wa Marekani, mtu ana pikapu moja tu na anaishi vizuri kwa kubeba takataka za wenyewe. Nikachapisha makaratasi TUNAONDOA TAKATAKA, nikabandika kwa milingoti ya stima kutoka Kayole mpaka Donholm, nikaweka Facebook, nikaweka status.

Wiki saba sasa. Simu nimepata kama ishirini. Nusu wanauliza bei ya kuhama. Wengine, na hapa ndio nachoka, wananiuliza "utanipea ngapi?" Mama mmoja Umoja alinionyesha kochi limeraruka mpaka springi zinachungulia, paka amelikojolea sijui miaka mingapi, alafu ananiambia "wewe si unaenda kuuza hizo mbao na vyuma, leta elfu moja uchukue." Mimi ndio nimlipe!

Kazi kubwa nimepata moja tu, nyumba ya mzee mmoja Buruburu, watoto wake walitaka stoo itolewe. Kwa simu mtoto wake aliniambia ni vitu kidogo, nikasema 3,500. Nimefika napata stoo imejaa mpaka kwa dari. Nikaenda trip mbili. Mafuta 1,500, vijana wawili kila mmoja 700, jaa nililipa 500 kila trip, na hesabu ya shemeji 1,500. Wewe piga hiyo hesabu mwenyewe. Na godoro moja la sita kwa sita lilibaki, lilikuwa limeloa likawa zito gari ikakataa kufunga mkia, nikalileta hapa kwa ploti nikasema nitalipeleka kesho. Wiki ya tatu hii liko nyuma ya matangi ya maji na caretaker ananiangalia vibaya.

Rafiki yangu ananiambia ujinga wangu ni kulipa jaa, eti nimwage usiku kando ya bypass ama mtoni kama wengine, hapo ndio nitaona faida. Mke wangu anasema nirudishe gari ya watu nitafute kazi ya kuandikwa. Mama, watu wa kulipa wako wapi? Ama hii kazi haiko Nairobi?

Pikapu Imelala, Kayole


MAMA KANTA ANAJIBU

Kijana wangu Pikapu Imelala, pole. Nimepiga hiyo hesabu, ulitumia 5,400 kutafuta 3,500, kwa hivyo ile siku uliamka asubuhi ukampa mtoto wa mzee 1,900 kutoka mfukoni na ukambebea stoo juu yake. Tutarudi hapo.

Kwanza huyo mama wa Umoja usimkasirikie, hana wazimu. Yeye tangu azaliwe anaona mtu wa skrepu akipita na mkokoteni, anagonga chuma kwa chuma, anachukua sufuria imetoboka na betri ya gari na anaacha pesa. Kwa hivyo kichwani mwake mtu akija kwa geti kuchukua kitu kizee ni mtu wa kutoa pesa, si wa kupokea. Hizo video zako ni za nchi ambayo kutupa kitu ni gharama na kila mtu amezoea hivyo. Hapa kwetu karibu kila kitu kizee kina mtu wake anayekingoja mahali, kwa hivyo ukisema tu "naondoa vitu vizee" umejiweka foleni moja na mkokoteni, na mkokoteni unalipa.

Lakini muangalie huyo mtu wa skrepu vizuri siku moja. Anachukua geti, anachukua ile fremu ya kitanda, anachukua betri. Anaacha godoro. Anaacha kabati la chipboard limefura maji, gunia za tiles zimevunjika, kochi la paka. Yeye anachagua. Kazi yako wewe ni kubeba yote, pamoja na ile yenye hakuna mtu anaitaka, mpaka mwenyewe aweze kupiga deki. Hiyo sakafu wazi ndio unauza, na mama wa Umoja haihitaji, kochi lake liko veranda na halimsumbui. Mwachie. Mteja wako ni yule mwenye kuna tarehe inamkimbiza na mtu anamsimamia.

Nikupe mifano. Mpangaji anahama tarehe 30 na ajenti amemwambia nyumba ikipatikana na kitu chochote ndani deposit inakatwa. Fundi amevunja bafu Kilimani, mwenye nyumba anaingia Jumatatu na tiles za zamani zimejaa parking, majirani wameanza kupiga kelele kwa grupu. Familia imezika mzee, nyumba inataka kupangishwa, na hakuna mtoto anataka kuguza stoo. Hizo nyumba za Buruburu zilijengwa miaka ya 70, watu wameweka vitu humo miaka hamsini, hiyo stoo yako haikuwa bahati mbaya, ziko nyingi. Duka la nguo limefungwa, shelfu zimebaki. Hao wote hawakuulizi utawapa ngapi, wanauliza unaweza kuja saa ngapi.

Na sasa wako wapi, maana hilo ndilo swali lako. Mimi nilishika simu ya kanta ya mume wangu miaka kumi na moja, yeye anaendesha gari la mizigo mimi naongea na wateja, na nilikuwa na daftari naandika kila kazi ilitoka kwa nani. Karatasi za mlingoti zilituletea vile zimekuletea wewe, watu wa kuuliza bei. Kazi za pesa zilikuwa zinatoka kwa caretaker, soja wa geti, na mafundi. Fikiria tu, mtu wa Kileleshwa ana kochi anataka litoke leo, ataanza kutafuta Facebook? Anateremka chini anamuuliza soja, "unajua mtu anaweza kunitolea hii?" Soja akiwa na namba yako, hiyo kazi ni yako na hata bei hutaulizwa mara mbili.

Kwa hivyo toa hizo karatasi na uanze kutembea. Wiki moja usiwashe gari, panda matatu. Chukua mitaa yenye maghorofa na watu wanahama sana, Kilimani, Kileleshwa, South B, Roysambu, na huko kwenu Donholm. Geti kwa geti, salimia watu vizuri, usiende saa ya watoto kutoka shule soja amechanganyikiwa. Mwambie hivi: mtu akiwa na kitu kikubwa hakitaki, mimi ndio nakitoa, kutoka ndani ya nyumba mpaka kiende kabisa, na kila kazi utanipa asilimia kumi ni yako. Alafu hiyo kumi uitume M-Pesa kabla gari haijatoka getini, akiangalia simu ikilia. Sisi tulikuwa na caretaker mmoja South B alituletea kazi karibu miaka sita kwa sababu tu hatukuwahi kumwambia "nitakutumia jioni". Jioni hakuna mtu hutuma.

Kuna watu wengine wawili usiwapite. Wale vijana na kampuni za kuchukua taka kila wiki kwa estate, wao wanabeba mifuko, hawabebi kochi wala vifusi, na kila wiki mtu anawaomba. Ongea na wao. Na kampuni za kuhamisha watu, mwisho wa mwezi tarehe 28 mpaka 5 wanapakia vya kwenda, vya kubaki wanaviacha hapo sebuleni mteja akishika kichwa. Wewe uwe gari ya pili nyuma yao.

Mafundi sasa, hao ni shamba lako kabisa, kwa sababu fundi ana vifusi kila kazi, si mara moja kwa mwaka. Lakini vifusi vitakuvunjia gari usipokuwa makini. Pikapu ya tani moja ukiijaza vifusi mpaka juu umebeba zaidi ya tani, springi zinakaa chini, gurudumu linaguza mwili, na trafiki anakuona kutoka mbali. Usihesabu kwa macho, hesabu kwa gunia. Gunia la vifusi ambalo mtu mmoja bado anaweza kuliinua kwa bega ni kama kilo hamsini, kwa hivyo gunia ishirini hapo umefika, funga mkia uende. Mwambie fundi bei ni kwa gunia na vijana wake ndio wanajaza. Hapo hakuna kuulizana eti ulisema ni kidogo.

Na kwa vifusi kuna siri yenye watu wengi wa pikapu wanajua na hawasemi. Upande wenu wa mashariki, Embakasi, Utawala, Ruai, ardhi ni ile nyeusi ya kunata, mvua ikinyesha ploti inakuwa uji. Watu wanaojenga huko wanatafuta mawe na vifusi vya kujaza. Ukiwa na namba za watu watatu wenye ploti zinataka kujazwa, hulipi jaa, na mwingine anakupa pesa ya mafuta kwa sababu ukimletea yeye hanunui. Ila viwe safi, mawe na tiles na matofali peke yake, usimfichie nailoni na magodoro chini, na usikubali ploti ya kando ya mto hata akuambie ni yake.

Nimetaja mto, nimalizane na huyo rafiki yako. Aprili 2024 uliona Mathare vile ilifurika, maji yakabeba nyumba na watu. Takataka za usiku zinaziba mahali maji yanapita, na wewe unakaa Kayole, hukai mlimani. Na hata tukiacha hiyo, mteja wa Kilimani anakulipa vizuri kwa sababu anaogopa kochi lake lipatikane mahali, na siku moja kwenye hivyo vitu vyake kuna bahasha ina jina lake na namba ya nyumba. Kanjo, hao askari wa kaunti, wakiipata watamwendea yeye, na yeye ana namba yako. Jaa lipe. Dandora imekuwa hapo tangu 1975, ikatangazwa imejaa 2001 na mpaka leo watu wanaenda, unajua mwenyewe vile barabara yake inakuwa siku za mvua, kwa hivyo usiende mchana wa matope na gari ya shemeji. Ingiza hiyo gharama kwa bei ya mteja, si kwa faida yako.

Sasa ile bei. Kosa lako Buruburu halikuwa 3,500, ni kutaja bei kabla ya kuona. Kuanzia leo mteja akipiga mwambie akutumie video WhatsApp, azungushe simu polepole, afungue na makabati, alafu akuonyeshe ngazi. Ngazi ndio wengi wanasahau. Kuna siku mume wangu alienda kutoa sofa ya watu watano ghorofa ya tano huko mtaa wa Pipeline, ngazi ni zile za mtu kupita kwa ubavu, sofa ikafika ya tatu ikakwama kwenye kona na mlango wa mtu, mwenye mlango ako ndani anataka kwenda kazini. Ilibidi tanboi arudi chini atafute msumeno. Walikata miguu ya sofa pale pale, alafu mgongo, wakashusha vipande, ikachukua masaa matatu na nusu, kazi tulikuwa tumesema ni ya lisaa limoja. Kwa hivyo uliza: ghorofa ya ngapi, lifti iko, wanaruhusu itumike, gari inapaki mbali kiasi gani, na geti wanafunga kutoa vitu saa ngapi. Mahali pengi Jumapili hawakubali kabisa.

Ukishaona, weka mafuta, vijana, jaa, caretaker, hesabu ya shemeji, alafu yako. Ile stoo ya Buruburu kwa trip mbili mimi singesema chini ya 8,000, na ningetaka nusu iingie Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya kupokea pesa za kazi, kabla sijawasha gari. Akikuambia mwenzako alisema 4,000 mwambie asante na akikwama akupigie. Wengi hupiga tena.

Juu ya hiyo kuna pesa ya pili, hiyo ndio video zako hazikuonyesha vizuri. Usipeleke jaa kila kitu. Jioni chagua. Chuma na alumini weka kando, mbao nzima za paleti na za vitanda mafundi wanachukua, friji mpigie fundi wa friji, kompyuta na TV za zamani uliza WEEE Centre, wao wanashughulika na vitu vya stima. Ila chuma usibebe kama hujui kimetoka wapi. Unakumbuka Januari 2022, minara ya laini ya stima ya Kiambere kuja Embakasi ikaanguka nchi ikalala giza, na siku chache baadaye biashara ya skrepu ikasimamishwa yote? Walirudisha baadaye, lakini kuna sheria ya skrepu ya 2015 na ukipatikana na waya wa kopa ama kifuniko cha mtaro, maneno "nilipewa na mteja" hayatakusaidia.

Vitu vingine usikubali hata ukilipwa mara tatu. Mabati ya asbesto kutoka paa za nyumba za zamani, yale ya kijivu kama simiti nyembamba, vumbi lake linakaa kwa mapafu na kuyatoa kuna utaratibu wake NEMA, ile mamlaka ya mazingira, si wewe na glavu. Na vitu vya mpangaji ambaye ametoroka rent. Mwenye nyumba atakupigia saa mbili usiku "kuja utoe, nimechoka na huyu mtu." Kuna njia ya sheria ya kufanya hiyo na wewe haumo. Mpangaji akirudi na polisi, gari itakuwa imepakiwa na vitu vyake na dereva ni wewe.

Karatasi za leseni sasa, haraka haraka maana najua hupendi. Kusafirisha taka kwa malipo kunataka leseni ya NEMA, na makao yao yako Popo Road, South C, nenda uulize mwenyewe, usitumie broka. Ukiona ni mzigo kwa sasa, ndiyo sababu nyingine nilikuambia uongee na kampuni za taka, kuna zenye leseni tayari na zinakosa gari, anza chini yao. Kaunti nayo inataka kibali cha biashara. Na muulize shemeji bima yake ni ya aina gani. Pale hadweya ulikuwa unabeba mali ya tajiri wako, hiyo ni bima tofauti. Ukibeba ya watu kwa pesa inatakiwa ile wanaita general cartage, na ukigonga mtu bila hiyo kampuni ya bima itakuonyesha mlango.

Kwa shemeji nenda Jumapili, usiende na malalamiko, nenda na daftari. Mwonyeshe wiki saba, siku ngapi gari ilitoka na siku ngapi ililala. Mwombe hesabu iwe ya siku yenye kuna kazi, hata ikipanda ikawa 2,000, kuliko 1,500 ya kila siku inayokufanya ukubali upuzi wa 3,500 kwa sababu saa ni jioni na hujapata kitu. Akikataa, basi muulize mke wako tena, huenda ana haki. Mpaka hapo mimi sioni sababu ya kurudisha gari.

Na hilo godoro nyuma ya matangi. Kesho asubuhi, likiwa limekauka kidogo, lipasue katikati na kisu ndio likunjike, lifunge na kamba ulipeleke. Alafu urudi uoshe hapo lilikuwa na umsalimie caretaker wenu na 100 ya chai. Huyo ana ploti ngapi mkononi? Hujawahi muuliza.